Mkia wa Mafuta, Kichwa cha Fosforasi: Kemia ya Mbegu na Vita dhidi ya Malaria katika Bonde la Kilombero

Msafiri atokaye Kidatu kwenda Ifakara wakati wa masika huiona milima ya Udzungwa ikimfuata upande wa kulia, na upande wa kushoto mashamba ya miwa ambayo mbele kidogo huiachia nafasi tambarare pana ya mpunga. Mto Kilombero unapofurika, sehemu kubwa ya tambarare hiyo hugeuka kuwa kama ziwa. Maji hayo ndiyo riziki ya bonde zima, kwani huleta rutuba, mpunga na samaki. Lakini maji hayo hayo ndiyo yanayolea mbu. Zaidi ya hayo, katika msimu wa kilimo familia nyingi huhamia mashambani na kulala katika vibanda vyepesi, mbali na zahanati, ambamo mbu huingia na kutoka apendavyo.

Kwa sababu hiyo Ifakara ni jina linalojulikana na wachunguzi wa malaria duniani kote. Mwaka 1949 Rudolf Geigy, mtaalamu wa elimu ya wanyama kutoka Basel nchini Uswisi, alifika hapo kutafuta mahali pa kuchunguzia magonjwa ya nchi za joto. Katika miaka ya 1950 ilianzishwa maabara ndogo ambayo, baada ya kubadilika mara kadhaa, leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, chombo cha utafiti cha Watanzania wenyewe.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halihusiani na mbu wala homa: mafuta ya mbegu. Tutaona jinsi mwanakemia anavyoweza kuyavunja mafuta ya nazi, ya mbarika au ya kungumanga, akapata vipande ambavyo kwa upande mmoja vimetumika kumnasa mbu katika Bonde la Kilombero, na kwa upande mwingine vyaweza kuwa malighafi ya kutengenezea kampaundi ziitwazo bisfosfonati, ambazo wanasayansi wanazichunguza kama silaha mpya dhidi ya kimelea cha malaria.

Kwa nini silaha mpya zinahitajika

Wazee wetu wanaikumbuka klorokwini, dawa chungu iliyokuwa katika kila zahanati. Kimelea kiliizoea, na mwaka 2001 Tanzania ikalazimika kuiacha na kutumia dawa za kundi la salfa. Hizo nazo hazikudumu. Mwaka 2006 zilichaguliwa dawa mseto zenye artemisinini, ambazo wananchi wanazifahamu kwa jina la ALu. Dawa hizi zingali zinaponya. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni imethibitishwa kwamba mkoani Kagera, kama ilivyo katika nchi jirani za Rwanda na Uganda, wapo vimelea ambao huchelewa kuisha mwilini mgonjwa anapotumia artemisinini. Onyo hilo si la kupuuzwa. Dawa mpya huchukua miaka mingi kupatikana, kwa hiyo kazi ya kuitafuta haiwezi kungoja mpaka dawa iliyopo ishindwe kabisa.

Mafuta kwa macho ya mwanakemia

Molekuli ya mafuta ya mmea ina umbo linalofanana na jembe la uma lenye meno matatu. Sehemu ya juu, inayoyashika meno yote, ni gliseroli. Kila jino ni asidi ya mafuta, yaani mnyororo wa atomi za kaboni ambao ncha yake moja ina kundi la asidi liandikwalo COOH. Tofauti kati ya mafuta na mafuta hutokana na urefu wa minyororo hiyo na namna atomi zake zilivyofungamana.

Karibu nusu ya asidi zilizomo katika mafuta ya nazi ni asidi ya lauriki, yenye kaboni 12. Mafuta ya mbegu za mbarika, ambayo wengine huyaita mafuta ya nyonyo, ni ya pekee: zaidi ya asilimia 80 ya asidi zake ni asidi ya risinoleiki, yenye kaboni 18 na kundi la haidroksili katikati ya mnyororo. Kungumanga, kiungo kinacholimwa Unguja na Pemba, ina mafuta yenye wingi wa asidi ya miristiki, ya kaboni 14. Na jina la asidi hiyo limetokana na jina la kisayansi la mkungumanga, Myristica.

Mwanafunzi anaweza kuziona asidi hizi kwa macho yake bila maabara kubwa. Sabuni ya kipande ni chumvi za sodiamu za asidi za mafuta. Kwangua sabuni kidogo, uiyeyushe katika maji ya mvua yaliyopashwa moto, kisha utie siki au maji ya ndimu polepole huku ukikoroga. Povu litatoweka, maji yatageuka meupe kama tui, na baada ya muda utando mweupe wenye mafuta utaelea juu. Utando huo ndio asidi za mafuta zenyewe. Asidi ya siki imeinyang'anya sabuni sodiamu yake na kuipa haidrojeni. Viwandani kazi hiyo hufanywa kwa mitambo, lakini kanuni ni hiyo hiyo.

Asidi zimvutazo mbu

Mbu jike atafutaye damu humtambua binadamu kwanza kwa pumzi na harufu. Pumzi ina kabonidayoksaidi, na jasho lina amonia, asidi ya laktiki pamoja na asidi kadhaa za jamii ile ile ya asidi za mafuta, nyingi zikiwa za mnyororo mfupi. Watafiti wa Ifakara, akiwamo Fredros Okumu, waliuliza swali rahisi: je, harufu hiyo haiwezi kutengenezwa kwa kemikali, ili mbu aende mtegoni badala ya kumwendea mtu?

Walitengeneza mchanganyiko wenye kabonidayoksaidi, amonia, asidi ya laktiki na asidi nyingine, zikiwamo zile za kaboni 3, 4, 5, 7, 8 na 14. Majaribio yalifanywa katika vibanda maalumu kijijini Lupiro, ng'ambo ya Mto Kilombero, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Chambo na mtu walipowekwa katika vibanda tofauti, vilivyoachana mita 10 hadi 100, chambo kilivuta mbu mara 3 hadi 5 zaidi ya mtu. Lakini vilipowekwa katika kibanda kimoja, mtu alivuta mbu sawasawa na chambo au zaidi. Yaani kwa mbali mbu alidanganyika. Kwa karibu alimtambua binadamu. Matokeo kama haya, yenye kushinda na kushindwa ndani yake, ndiyo yanayoonyesha njia ya kufuata katika uchunguzi.

Msomaji atambue asili ya baadhi ya asidi hizo. Ile ya kaboni 8 hupatikana katika mafuta ya nazi, na ile ya kaboni 14 ndiyo miristiki tuliyokwisha kuitaja. Ile ya kaboni 7 hupatikana viwandani kutokana na mbarika: mafuta yake yakipashwa joto kali sana, mnyororo wa risinoleiki hukatika mahali maalumu na kutoa kipande cha kaboni 7 na kingine cha kaboni 11. Kipande cha kaboni 11 hutengenezewa aina ya nailoni.

Bisfosfonati: kutoka mabomba ya maji hadi mifupani

Sasa tuigeukie njia ya pili. Kila mwanafunzi aliyeoga kwa maji ya kisima chenye chumvichumvi anajua kwamba sabuni haitoi povu bali huganda kama maziwa yaliyokatika. Kalsiamu iliyomo katika maji imeungana na asidi za mafuta. Kalsiamu hiyo hiyo huganda ndani ya mabirika na mabomba na kuwa utando mgumu kama jiwe. Wanakemia wa viwanda walitafuta vitu vya kuizuia isigande, na kati ya vilivyofaa ni bisfosfonati, kampaundi ambazo historia yake huanzia mwaka 1865 zilipotengenezwa kwa mara ya kwanza.

Umbo lake ni rahisi kulieleza. Mwilini mwetu imo kampaundi iitwayo pairofosfati, yenye atomi mbili za fosforasi zilizounganishwa na atomi ya oksijeni: P–O–P. Katika miaka ya 1960 Herbert Fleisch na wenzake huko Uswisi waligundua kwamba pairofosfati huzuia chumvi za kalsiamu zisigande ovyo mwilini. Kwa bahati mbaya, mtu akiimeza huvunjwavunjwa kabla haijafanya kazi, kwa kuwa kiungo cha oksijeni hukatika kwa urahisi. Walitafuta kampaundi yenye umbo kama hilo lakini imara zaidi, wakaipata katika bisfosfonati, ambamo mahali pa oksijeni pamekaliwa na kaboni: P–C–P. Badiliko hilo la atomi moja lilizaa kundi la dawa ambazo leo hutumika duniani kote kutibu ugonjwa wa mifupa kupoteza uimara uzeeni, pamoja na saratani iliyoenea mifupani. Bisfosfonati huivamia kalsiamu ya mfupa, hung'ang'ania hapo, na kuzidhoofisha chembe zile zinazoubomoa mfupa.

Jinsi asidi ya mafuta inavyogeuzwa

Atomi ya kaboni iliyo katikati ya P–C–P ina nafasi mbili zaidi za kufungamana. Mwanakemia huweka kundi la haidroksili katika nafasi moja, na katika nafasi nyingine huweka mkia autakao. Hapa ndipo mafuta ya mbegu yanapoingia.

Njia iliyozoeleka huanza na asidi yenye kundi la COOH. Asidi hiyo hupashwa moto pamoja na asidi ya fosforasi (H3PO3) na trikloridi ya fosforasi (PCl3), kisha mchanganyiko huchemshwa na maji. Kaboni ya kundi la COOH hupoteza uhusiano wake wa awali na kuzipokea fosforasi mbili:

R–COOH → R–C(OH)(PO3H2)2

Herufi R ni mkia wa mafuta. Tukianza na asidi ya lauriki ya nazi, tutapata bisfosfonati yenye mnyororo wa kaboni 12. Tukianza na miristiki, yenye 14. Ncha moja ya molekuli hiyo hupenda maji na kalsiamu, na nyingine hupenda mafuta. Yaani ni kama sabuni iliyobadilishwa kichwa.

Fosforasi nayo asili yake ni mawe. Nchini mwetu mawe ya fosfati huchimbwa Minjingu, karibu na Ziwa Manyara, na hutumika kutengeneza mbolea. Duniani, mawe ya namna hii ndiyo chanzo cha fosforasi ya viwanda, nayo ikiunganishwa na klorini hutoa trikloridi. Lakini nisisitize kwa walimu: jaribio hili si la shuleni kamwe. Trikloridi ya fosforasi ni sumu, na ikikutana na maji au unyevu wa hewa hutoa mvuke wa asidi unaounguza macho na mapafu. Kazi hii hufanywa na wataalamu tu, katika maabara zenye vifaa vya kuondoa mvuke.

Ndoana bandia

Bisfosfonati ya mifupa inahusianaje na malaria? Ndani ya kila chembe hai hutengenezwa minyororo ya kaboni iitwayo isoprenoidi, ambayo chembe haiwezi kuishi bila hiyo. Utengenezaji wake tunaweza kuufananisha na kuunga mabehewa ya treni ya TAZARA ipitayo hapo Ifakara. Kila behewa lina kaboni 5 na ndoana ya kuungia, na ndoana hiyo ni kundi la fosfati mbili, P–O–P. Kimeng'enya huyashika mabehewa na kuyaunga: kaboni 5 na 5 huwa 10, kisha 15, kisha 20.

Bisfosfonati ni kama behewa lenye ndoana iliyochomelewa ikawa kipande kimoja cha chuma. Kimeng'enya hulipokea kwa kudhani ni behewa la kawaida, lakini ndoana ya P–C–P haifunguki. Behewa bandia hukwama, njia huziba, na kazi yote husimama. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilifahamika kwamba hivi ndivyo bisfosfonati zenye naitrojeni zinavyozidhoofisha chembe zinazobomoa mfupa. Mara wanasayansi wakauliza: ikiwa vimelea navyo huunga mabehewa haya, kwa nini visizibiwe njia?

Kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, hutengeneza mabehewa yake ya kwanza kwa njia isiyokuwapo katika mwili wa binadamu. Mwaka 1999 Hassan Jomaa na wenzake huko Ujerumani walionyesha kwamba dawa iitwayo fosmidomaisini, ambayo nayo ina bondi ya kaboni na fosforasi, huiziba njia hiyo mwanzoni kabisa. Bisfosfonati hulenga hatua ya mbele, mahali mabehewa yanapoungwa.

Tatizo lilikuwa moja kubwa. Bisfosfonati za kawaida zina chaji nyingi za umeme, hupenda maji na hukimbilia mfupani. Kimelea cha malaria hukaa ndani ya chembe nyekundu ya damu, nyuma ya tando kadhaa zilizoumbwa kwa mafuta. Kitu kipendacho maji tu hakipiti hapo kwa urahisi. Ndiyo sababu mkia wa mafuta ukawa na maana. Mwaka 2012 Eric Oldfield wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali, walitoa taarifa kwamba bisfosfonati za mifupa zilizoongezewa mkia mrefu upendao mafuta zilikuwa na nguvu dhidi ya kimelea cha malaria, maabarani na pia katika panya. Tena walionyesha mahali zinapofanyia kazi: kimelea kilipopewa ile kampaundi ya kaboni 20 iliyokwisha kuungwa, kiliweza tena kukua. Hii ilikuwa dalili kwamba kilichozibwa ni hatua hiyo ya kuunga na si kitu kingine.

Yaliyobaki kufanywa

Yatupasa kuwa wakweli. Hadi leo hakuna bisfosfonati iliyoidhinishwa kutibu malaria. Vikwazo ni vingi. Kwanza, binadamu naye anavyo vimeng'enya vya kuunga mabehewa, kwa hiyo dawa haina budi kumdhuru kimelea zaidi ya mgonjwa. Pili, bisfosfonati zinazomezwa huingia katika damu kwa kiasi kidogo mno, kwa kawaida chini ya asilimia 1, na mgonjwa wa kibanda cha shambani anahitaji dawa ya kumeza, si ya sindano ya mshipani. Tatu, mkia wenyewe una kipimo chake. Ukiwa mfupi, molekuli haipenyi; ukiwa mrefu kupita kiasi, molekuli hutenda kama sabuni na kuzipasua chembe nzima pamoja na zilizo wazima. Kupata urefu ufaao ni kazi ya kutengeneza, kupima, kutupa na kutengeneza tena.

Aidha, mtu yeyote asije akafikiri kwamba kunywa mafuta ya nazi au ya mbarika kunatibu malaria. Mafuta hayo ni malighafi tu, kama vile mti ulivyo malighafi ya karatasi. Mwenye homa na aende zahanati, apimwe, na akikutwa na vimelea atumie dawa alizopewa mpaka ziishe.

Nafasi ya shule zetu

Tanzania haikosi mafuta ya mimea. Tuna minazi ya pwani, michikichi ya Kigoma, ufuta, alizeti, pamba na korosho. Hata maganda ya korosho, ambayo zamani yalionekana kuwa takataka, yana kimiminika chenye asidi ya pekee, na wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamefanya utafiti mrefu kukigeuza kuwa kemikali zenye thamani. Tusichokuwa nacho kwa wingi ni watu wenye kujua nini cha kufanya na mnyororo wa kaboni 12 baada ya kuukamua kutoka kwenye nazi.

Watu hao huanzia kidato cha tatu na cha nne, mwalimu anapochora ubaoni kundi la COOH. Mwanafunzi wa Ifakara, Mahenge au Mlimba akilikariri kundi hilo kwa ajili ya mtihani tu, atalisahau mara baada ya mtihani. Lakini mwalimu akimwambia kwamba asidi ya namna hiyo imo katika jasho lake na ndiyo inayomwita mbu usiku. Kwamba imo katika sabuni anayofulia. Na kwamba ikibadilishwa kichwa yaweza kuziba njia ya uhai wa kimelea kilichomlaza mdogo wake msimu uliopita, huenda akaendelea kuuliza maswali baada ya kengele kulia.

Kati ya maswali hayo lipo moja ambalo halijajibiwa na yeyote: je, ni mkia wa urefu gani, na kichwa cha namna gani, vitakavyomuua kimelea bila kumdhuru mtoto? Jibu lake litapatikana maabarani, lakini thamani yake itapimwa mahali kama Kilombero, masika yatakapowadia, mto utakapofurika na familia zitakapohamia tena mashambani.